Bi Kwaheri na Tanuri Jipya

Kazini walimwita Bi Kwaheri, na jina lenyewe alilipata kihalali. Katika kiwanda kile cha mikate, alikosimamia miradi ya ujenzi, hakukuwa na mtu aliyejua kuaga kama yeye, wala aliyechelewa kuondoka kama yeye. Kikao kikiisha alifunga kompyuta yake, akatundika mkoba begani, akasema, "Haya jamani, kwaherini, kazi njema," akaenda mpaka mlangoni na kushika kitasa. Hapo alisimama. Alijifanya anatafuta funguo ambazo alikuwa amezishika mkononi. Kabla hujamaliza kumeza mate, mtu mmoja alikohoa nyuma yake: "Ila dada, kuna kajambo kadogo."

Kajambo kadogo! Wenyewe mnavijua vijambo vya namna hiyo. Mara ni ukuta uliojengwa mahali palipotakiwa dirisha. Mara ni lori la vigae limelala mtaroni tangu jana. Mtu amekaa kikaoni muda wote akijibu "safi", "iko vizuri", "hakuna shida", kumbe balaa lenyewe kaliweka chini ya ulimi mpaka wenzake waanze kuinuka.

Hakuzaliwa na ujanja huo. Alipoanza kusimamia miradi alikuwa mtu wa asilimia. Alibandika chati ukutani, akazipaka rangi nzuri, na kila asubuhi akapita akiuliza, "Umefika asilimia ngapi?" Watu wakamjibu tisini. Wiki iliyofuata, tisini. Kazi zote zilifika tisini zikakaa hapo kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi kwao. Mradi wake wa kwanza ulikuwa chumba cha baridi cha kuhifadhia siagi, na siku mashine ya kupoza ilipoletwa, iligoma kupita mlangoni. Wabebaji waliisukuma, wakaigeuza, wakaifungua miguu. Wapi! Akamgeukia seremala, machozi yakimlengalenga.

"Fundi, ulijua mlango ni mwembamba?"

"Nilijua tangu siku ya kuupachika, dada."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza kama mlango umekamilika. Si huo hapo? Umekamilika."

Jioni ile alimpigia simu mama yake apate wa kumlilia. Mama, kama kawaida yake, akaanza na habari njema: yeye mzima, jirani mzima, kuku wazima, hata paka aliyekuwa akikohoa sasa mzima. "Haya mwanangu, kwaheri, ulale salama," akasema. Halafu, kabla ya kukata: "Ila kuna kajambo kadogo. Upepo umeondoka na mabati ya jikoni."

Binti aliangua kicheko mpaka mama akakasirika. Miaka yote alikuwa akimsikia mama yake akifanya vile, na hakuwahi kulitilia maanani. Usiku ule alielewa kwamba mafundi wake hawakuwa waongo. Walikuwa watu waliolelewa na mama kama yule. Kwanza unamjibu mwenzako vizuri, maana ndiyo adabu, na lililokuchoma moyo unalitoa wakati wa kumsindikiza. Tangu siku hiyo akazing'oa zile chati, akaanza kuaga.

Akapanda ngazi, taratibu lakini akapanda. Alipokabidhiwa mradi wa tanuri jipya na jengo lake alikuwa kaimu meneja wa miradi, na ukaimu ulikuwa umemkaa muda mrefu kiasi kwamba mumewe nyumbani alimwita, "Kaimu, njoo chakula kinapoa." Alicheka, lakini lilimuuma. Ndipo mkurugenzi akamwambia waziwazi: "Jumatatu mkate utoke kwenye jengo jipya. Ukitoka, Jumanne njoo tuzungumze juu ya huo ukaimu wako."

Ijumaa kikafanyika kikao cha mwisho. Kesho yake tanuri la zamani lilikuwa livunjwe, maana mnunuzi wa vyuma alikwishalilipia na gari lake liko njiani. Mkurugenzi mwenyewe alihudhuria, kavaa tai, akawauliza mmoja mmoja kama wako tayari. Mkuu wa waokaji, mzee ambaye wote walimwita Hamira kwa jinsi hasira zake zilivyokuwa nyepesi kuumuka, akajibu, "Tayari." Fundi umeme akajibu, "Tayari, bosi." Mkurugenzi akapiga makofi, watu wakapiga makofi, akamshika Bi Kwaheri mkono na kutoka naye mpaka ngazini huku akimmwagia sifa. Bi Kwaheri alishuka ngazi miguu haigusi chini. Moyoni alikwishaanza kuchagua kitambaa cha pazia la ofisi yake.

Alipofika nje ndipo aliposhtuka. Hakuwa ameaga.

Akarudi juu mbio, viatu mkononi. Aliwakuta wote wamekaa vilevile walivyoachwa, hakuna aliyeinuka, wanatazama meza kana kwamba kuna maiti juu yake.

"Kwaherini," alisema akihema.

"Na wewe ulikwenda wapi bila kuaga?" Mzee Hamira alifoka. "Tumekaa hapa tunakungoja!"

Fundi umeme akakohoa. "Ila dada, kuna kajambo kadogo." Tanuri jipya likiwashwa peke yake, alisema, linafanya kazi kama saa. Likiwashwa pamoja na mashine za kukandia unga, swichi kuu inakatika na jengo zima linakuwa giza. Waya unaoleta umeme kwenye jengo ni mwembamba kwa mzigo ule. Aliagiza mnene zaidi, ila hautafika kabla ya katikati ya wiki.

"Ulijaribu?"

"Kila siku, dada. Kila siku inakatika."

"Na ulimwambia mkurugenzi iko tayari."

"Amevaa tai," fundi alisema kwa huzuni. "Ningeanzia wapi?"

Hakumkaripia. Alijua zamu ya kusema sasa ni yake. Tanuri la zamani likivunjwa kesho, Jumatatu mji mzima utaamka bila mkate. Lisipovunjwa, hakuna Jumatatu, na hakuna Jumanne.

Mkurugenzi alimpokea ofisini kwake kwa bashasha. Alikuwa kwenye simu akialika wageni wa uzinduzi. Bi Kwaheri akakaa, akakubali maji, akasifu rangi ya jengo jipya, akasifu vigae, akaeleza jinsi waokaji walivyofurahia makabati yao. Akasimama, akashukuru, akaaga. Alipofika mlangoni akashika kitasa, akajisikia akisema, "Ila bosi, kuna..."

Akasita. Mwenyewe huyo! Alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Akakiachia kitasa, akarudi, akakaa kwenye kiti kilekile.

"Bosi, hatuko tayari," alisema. "Nimekaa hapa nasifu vigae kwa sababu naogopa. Umeme hautoshi. Tukivunja tanuri la zamani kesho, Jumatatu hatuna mkate. Naomba uzinduzi usogee wiki moja."

Mkurugenzi akalegeza tai.

"Nimeshaalika watu."

"Najua. Na wakiamka bila mkate mezani, hao hao ndio watakaokupigia simu kwanza."

"Nenda," mkurugenzi alisema, "kabla sijasema kitu nikajuta."

Akaenda. Gari la mnunuzi wa vyuma lilifika kesho yake likarudishwa tupu kwa amri ya mkurugenzi, dereva akitukana njia nzima. Jumatatu mkate ulitoka kwenye tanuri la zamani kama siku zote, na hakuna aliyejua kwamba nusura usitoke. Jumanne ikaja ikapita, na hakuna aliyemwita kuzungumza juu ya ukaimu wala juu ya chochote. Nyumbani mumewe akaacha ule utani wa Kaimu bila kuambiwa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Hata hivyo kazi hakuilegezea. Asubuhi aliingia kwa mafundi, na kabla ya kuuliza habari alisema, "Kwaherini. Haya, semeni." Wakacheka, na wakasema. Siku hizi vikao vyake vyote huanzia hapo, na salamu hufuata baadaye.

Waya ulifika. Fundi akaufunga, wakawasha tanuri na mashine zote za kukandia kwa mpigo, na Mzee Hamira akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Taa hazikucheza. Jumatatu iliyofuata wageni walikula mkate wa moto, mkurugenzi akahutubia, akamshukuru kila mtu mpaka mlinzi wa geti, ila Bi Kwaheri hakutajwa. Alipiga makofi pamoja na wenzake, mikono ikimuuma.

Wageni walipoondoka alimsindikiza mkurugenzi mpaka kwenye gari. Mkurugenzi akaaga, akapanda, akafunga mlango, akawasha gari. Gari halikuondoka. Alirekebisha kioo ambacho hakikuwa na tatizo. Mwishowe akateremsha dirisha.

"Ila," alisema akitazama usukani, "kuna kajambo kadogo. Huo ukaimu uuache. Kuanzia leo wewe ndiye meneja. Watu wa kuniambia tuko tayari ninao wengi." Akaondoa gari kwa haraka ya mtu aliyeona haya.

Jioni akampigia mama yake. Akamwambia yeye mzima, mume mzima, watoto wazima, mvua zimeanza. Mama naye akasema kuku wazima, mabati ya jikoni yangali imara. Wakaagana. Bi Kwaheri akabaki na simu sikioni.

"Mama, upo?"

"Nipo. Ulivyoniamkia tu nikajua una jambo. Sema mwanangu, sijakata."