Kumtembeza Mjomba Dubai

Walisema diploma ya utalii ni cheti cha kubebea Wazungu mizigo. Walisema Dubai haina haja na watu wa milimani kama sisi, na kwamba nitarudishwa kutoka uwanja wa ndege begi langu likiwa bado limefungwa. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mjomba wangu, kaka wa mama, mwenyekiti wa kikundi cha kukopeshana pale kijijini. Alisema hivyo mbele ya mama, kisha kikundi chake kikanikopesha nauli na ada ya wakala. Sharti lilikuwa kwamba hadi nimalize kulipa, wao wachume majani ya chai kwenye nusu ya shamba la mama. Chai hiyo ndiyo iliyonisomesha. Mama alikubali huku akiangalia pembeni.

Basi nilifika, na sikurudishwa. Wakala alikuwa ameniahidi kazi ya mapokezi hotelini. Nilipewa sare ya ulinzi, na kitanda cha juu katika chumba cha watu wengi huko Al Quoz, katikati ya magereji na maghala. Nililinda mlango wa jumba kubwa la maduka. Wenzangu walisimama wakingoja zamu iishe. Mimi nilisimama nikiusoma mji. Nilijua chemchemi inaruka saa ngapi na mtu asimame upande gani ili aione bila kulipa. Nilijua mnara mrefu unapigwa picha vizuri kutoka wapi. Katika watu wa kwetu niliokutana nao kule, sikuona aliyeujua mji ule kama mimi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kunong'ona.

Picha ya mnara nilipiga pia, siku ya mapumziko, nikiwa na koti na saa ya mwenzangu. Kila Mkenya anayefika Dubai hupiga picha hiyo na kuituma nyumbani. Mama aliwaonyesha majirani. Mjomba, nilisikia, aliikuza kwenye simu mpaka saa ikajaa kioo.

Mwaka uliofuata akauza ng'ombe, akaja kutembea. Kwetu mgeni akifika kwako hatii mkono mfukoni, na mjomba alikuja na desturi hiyo nzima. Pesa niliyokuwa nimetenga kumlipa yeye na kikundi chake ndiyo niliyotumia kumtembeza.

Nilimtembeza vizuri. Mgeni wa Dubai haanzi na mnara. Anaanza na Deira, kwenye ule mkono wa bahari unaoingia mjini, anapanda abra, mashua ndogo ya mbao inayovusha watu kwa sarafu tu. Mwenye mashua alisema yalla, yaani twende, mjomba akakaa kwanza, akatanua magoti kama mwenye chombo. Kutoka hapo nikampitisha soko la viungo na soko la dhahabu. Huko alivaa mkufu mzito kifuani, akataka apigwe picha, akauvua na kumwambia mwenye duka kwamba tutarudi. Halafu tukapanda metro, kwa sababu reli inapita juu na mji wote unauona chini yako. Mjomba akatoa njugu za kukaanga mfukoni.

"Mjomba, humu hawali," nikamwambia.

"Nani ataniona?"

Aliyemwona ni mkaguzi. Faini nililipa mimi, na mjomba akaendelea kunilaumu hadi kituo cha mwisho kwamba sikujua kuzungumza na yule kijana vizuri.

Jioni nilimpeleka kwenye jumba la maduka nililokuwa nikililinda. Walinzi mlangoni walinisalimia kwa heshima, mmoja akanipigia saluti ya utani. Mjomba alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu atue. Nilidhani ni mwangaza wa maduka uliomnyamazisha.

Siku ya mwisho nikaamua aone ninapolala, ili arudi akawaeleze wenzake kwa nini malipo yanakwenda polepole. Kule watu wetu huficha vyumba vyao kuliko wanavyoficha mishahara. Mimi sikuona cha kuficha. Tuliteremka Al Quoz, tukapita viatu vilivyojaa mlangoni. Ndani, mmoja alikuwa akipiga sare pasi juu ya godoro, wengine wakisubiri jiko. Mganda wa kitanda cha chini akasimama kumpisha.

"Karibu mzee. Keti hapa, nyumba ni yako."

Mjomba hakuketi. Alibaki kizingitini akitabasamu kama mtu aliyeng'amua jambo.

"Hawa ni vibarua wako?"

"Mjomba, hapa ndipo ninapolala. Kitanda changu ni kile cha juu."

"Usinichezee, kijana. Jana nimeona kwa macho yangu. Umeingia lile jumba na askari wakakupigia saluti."

"Ni wenzangu. Tunabadilishana zamu."

"Mtu anayepigiwa saluti halali hapa." Akainamisha kichwa kwangu. "Hawa vijana umewalipa ngapi waniigizie?"

Chumba kizima kikacheka. Mganda akasema, "Khalas, basi, mzee, na sisi tunamdai." Utani huo nao mjomba aliuchukua kuwa ushahidi. Ukweli wenyewe alikuwa ameuona, ukiwa na harufu yake ya soksi na vitunguu, akauita mchezo. Picha ya koti la kuazima ndiyo aliyoiamini.

Aliporudi aliwaambia wanakikundi kwamba ninazo na ninawaficha. Wakachukua shamba lote. Mama alinipigia simu kunijulisha kwa maneno machache, hakulia. Sikujua mengine mpaka jirani aliponiambia kwamba mama anachuma chai ya watu kwa kibarua, na njia ya kwenda huko inapita kando ya chai yake mwenyewe.

Hapo ndipo diploma ile waliyoicheka ilipofanya kazi yake. Siku zangu za mapumziko nikazitumia kusomea kibali cha kuongoza watalii, nikafanya mtihani, nikafaulu. Madam mwenye kampuni moja ndogo ya matembezi aliniuliza ninajua nini kuhusu wageni wa Afrika Mashariki. Nikamwambia ninajua wanapotaka kusimama, wanachotaka kupiga picha na wasichotaka kulipia. Akaniajiri. Nimewapeleka walimu, wachungaji, wafanyabiashara na maharusi. Nimewapeleka Hatta, milimani karibu na Oman, wakapiga makasia juu ya bwawa la maji ya kijani, na wengi wao wakaniambia hawakujua kama Dubai ina milima. Njia ya basi letu mara nyingi ilipita Al Quoz. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza ni nani wanaoishi pale, nami sikuwaambia.

Nilirudi nyumbani na pesa yote. Niliwaita wanakikundi sebuleni kwa mama, nikamlipa kila mmoja mbele ya wenzake, na kila mmoja nikamtaka atamke kwamba amepokea. Walitamka. Wale wale waliosema nitarudishwa. Mjomba nilimlipa mwisho. Alihesabu mara mbili, akawageukia wenzake.

"Si niliwaambia anazo?"

Wakaitikia kwa vichwa. Mama alikuwa ameingia na birika, akaliweka mezani bila kummiminia mtu.

"Na majani mliyochuma kwenye ile nusu ya pili," akauliza, "hayo atanilipa nani?"

Mmoja akakohoa. Mwingine akachungulia dirishani kama anaangalia mvua. Mjomba alizitia noti kwenye koti, akavuta birika, akajimiminia.