Ngoma Nyepesi kwa Mguu wa Kaka

Kaka yangu alianza kupiga ngoma katika kwaya ya kanisa letu la Buleusa nikiwa bado msichana wa shule. Ni zile ngoma za kizungu zinazopigwa kwa vijiti, huku mguu wa kuume ukikanyaga pedali ya ngoma kubwa iliyolala chini. Kisha pikipiki yake ikaanguka kwenye barabara ya Hombo, na mzigo wa mafuta ya mawese ukamlalia mguu huo wa kuume. Mfupa uliunga lakini nguvu haikurudi. Alipojaribu kukanyaga pedali, nyundo yake iligusa ngoma kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Akaviweka vijiti juu ya kabati. Jumapili akawa anakaa benchi la nyuma, ili atoke kabla watu hawajaanza kumpa pole.

Kwaya ikapata mashine ya ngoma, kisanduku chenye vitufe ambacho ukikiwasha kinapiga chenyewe. Kilipiga mdundo uleule wimbo hadi wimbo, na waimbaji walikifuata kama mbuzi wanaovutwa kwa kamba. Mimi nilikuwa nimejifunza Goma kutengeneza redio na simu, basi siku moja nikakigeuza nikione mgongo. Kulikuwa na tundu la duara lililoandikwa MIDI IN. Maana yake kinaweza kupokea amri ya kupiga kutoka nje.

Mama mmoja wa Butembo mwenye duka pale kwetu aliniagizia vifaa kupitia magari yake: kapteri, yaani vidude bapa kama sarafu vinavyohisi mtikisiko, na kisanduku kidogo cha kupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa habari. Kutoka hapo habari inapita kwenye kamba ya MIDI hadi mashine ya ngoma. Kamba hiyo haibebi sauti. Inasema tu ni ngoma gani imeguswa, na kwa nguvu kiasi gani. Mashine ndiyo inayotoa mlio. Ndiyo maana niliitaka. Mguu dhaifu ungeweza kugusa tu, na mashine ikanguruma.

Tulileta ngoma na mashine nyumbani, nikabandika kapteri moja kwenye ngoma kubwa, nikachomeka kamba, nikamvika kaka vipokea sauti masikioni. Akagusa pedali. Kimya. Mashine ilikuwa ikisikiliza chaneli nyingine. Nikaibadilisha, nikashusha kizingiti cha kisanduku kidogo, yaani nguvu ambayo chini yake pigo halihesabiki, hadi chini kabisa ili hata mguso mdogo uhesabike.

"Gusa tena, kaka."

Akagusa. Nilimwona akishtuka, kisha akautazama mguu wake.

"Njo mimi nafanya hivi?" aliuliza, kama haamini kuwa ndiye yeye.

"Njo weye."

Alivua vipokea sauti taratibu. "Nitapiga siku ya Pasaka. Lakini kama inaharibika mbele ya bantu, sitarudia. Na weye usiniombe tena."

Wiki hiyo milio ya bunduki ilikuwa imesikika upande wa vilima, mara mbali, mara si mbali sana. Wanawake walikwenda shambani kwa makundi. Hata hivyo asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa. Ngoma zetu zilikuwa juu ya jukwaa la mbao, na kando yake bafle, spika kubwa ya kwaya, ambayo nyumbani hatukuitumia. Jenereta likawashwa. Katekista akainua mkono, kwaya ikaanza, kaka akagusa pedali.

Bafle ikatoa mshindo mzito. Ubao ukatikisika, kapteri ikahisi mtikisiko huo kama pigo jipya, mashine ikapiga tena, ubao ukatikisika tena. Milio ikafuatana, ta-ta-ta-ta, mfululizo, bila kaka kugusa kitu.

Mama mmoja alimfunika mtoto wake kwa mwili. Mabenchi yalianguka. Watu walikimbilia mlango wa nyuma, wengine wakalala chini ya madirisha.

"Zima hiyo kitu!" katekista alipiga kelele. "Zima!"

Nilichomoa kamba. Nikakiinamia kile kisanduku kidogo. Nikipandisha kizingiti, mguu wa kaka hautasikika. Nikikiacha, yatarudi yaleyale. Katekista alituambia tutoe vyombo nje, ibada iendelee kwa makofi tu.

Nilidhani kaka atasimama aondoke. Badala yake aliweka ule mguu mbovu juu ya ubao na kuuacha pale.

"Papa katekista, utuachie kidogo," alisema. Kisha akaniambia mimi: "Usirudishe kamba bado. Upige ngoma ndogo, polepole."

Nilipiga. Akaitikia kwa kichwa.

"Nasikia ubao inatetemeka chini ya mguu. Bafle na ngoma biko juu ya kitanda moja. Tushushe ngoma ku udongo."

Tulizishusha, yeye akichechemea upande wake na mimi upande wangu, watu wakituchungulia kupitia madirisha. Mama wa duka aliingia, akakunja kitenge chake na kukisukuma chini ya pedali. Tukaigeuza bafle ielekee ukuta, nikarudisha kamba. Kaka akakaa, akanitazama, akagusa.

Pigo moja. Tukangoja. Halikufuatwa na lingine.

Watu walirudi mmoja mmoja, wakiinua mabenchi. Kaka alianza kwa upole, na katikati ya wimbo wa pili akasahau kujilinda, mabega yakalegea. Mimi sikuimba. Niliitazama taa nyekundu ya kisanduku kidogo kila ilipowaka, nikiomba isiwake bila yeye.

Bibi kizee mmoja hakurudi ndani. Ibada ilipokwisha, kaka alimfuata nje na kuketi naye kwenye jiwe.

"Mama, samahani. Nilikutisha."

"Weye uko mutoto yangu," alijibu. "Masikio yamejua ni ngoma. Moyo njo haijajua."

Kaka anapiga hadi leo. Kabla watu hawajaingia, husimama mlangoni kuwatangazia kuwa anajaribu ngoma, ndipo anarudi kukaa na kugusa pedali. Yule bibi siku nyingine huingia, siku nyingine husali akiwa kwenye jiwe, na hakuna anayemwita.