Kanzu Iliyorudi Nyeupe

Siku aliyozikwa baba mkwe wangu kule Nanyamba, mume wangu alirudi kutoka makaburini na kanzu nyeupe pe, na mimi mjinga nikafurahi. Nilikuwa nimeifua mwenyewe, nikaitia buluu, nikaipiga pasi ya mkaa mpaka ikanyooka. Wanaume wenzake walirudi na udongo mwekundu magotini na mikononi. Yeye hana hata doa. Nikajisemea, huyu ndiye mume, karani wa bandari, hachafuki ovyo.

Kumbe ile ndiyo ilikuwa aibu yenyewe. Sisi wanawake hatuendi makaburini, habari hutufikia zimeshapoa. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mume wangu, mtoto wa kiume wa pekee, alikunja kanzu ili ashuke kaburini ampokee baba yake, na wazee wakamshika mkono. Kaburi jembamba, na yeye mnene. Wakamwambia kwa upole, "Wewe baki juu, bwana. Ukishuka, nani atakutoa?" Akashuka mpwa wa marehemu badala yake.

Mama mkwe wangu naye alizipata habari hizo ndani alikokuwa ameanza eda. Akamwita mwanawe. Kupiga magoti tu mbele ya mama yake kulimtoa jasho.

"Baba yako ameshushwa na mpwa wake, haidhuru," mama akasema. "Mimi je? Kaka zangu wote wamekwisha kufa. Mwanamume wa damu yangu ni wewe peke yako. Nikifa nishikwe na watu baki?"

Mume wangu akalia, mtu mzima, mabega yanatikisika. Mama akamwacha alie kidogo, kisha akamwambia, "Basi, nyamaza. Mimi nitakungoja. Lakini na wewe usinikawize."

Sasa niseme ukweli wangu: kile kitambi nilikipika mimi. Aliponioa alikuwa mwembamba, anatoka Nanyamba kwa miguu na akifika Mtwara bado anapiga mluzi. Bandari ilipofunguliwa akapata ukarani, akakalia kiti. Lori likimchukua asubuhi, likimrudisha jioni. Mimi nikawa nakuna nazi mbili kwa mlo mmoja. Wali wa nazi, samaki wa nazi, kisamvu cha nazi, na chai sukari vijiko vinne. Kila alivyozidi kunenepa ndivyo nilivyosifiwa na majirani: "Hongera shoga, mume amenawiri!" Kitambi chake kilikuwa cheti changu. Angalikonda, wangesema nimeshindwa kumtunza.

Tuliporudi Mtwara akaenda kwa mganga wa hospitali. Yule bwana akamsikiliza kifua, akamwambia moyo wake unafanya kazi ya watu wawili. Aache lori, atembee. Nazi na sukari nizipunguze. Na kama tuna jembe, alishike.

Mungu wangu, kutembea kwenyewe! Siku ya kwanza alirudi saa hiyo hiyo akajifungia chumbani. Watu walikuwa wamemwona karani anakwenda kwa miguu wakadhani amefukuzwa kazi. Mmoja alimpa pole njiani! Nikamwambia, "Kesho twende wote. Mimi nitabeba kikapu kama naenda kununua samaki, wewe utakuwa unanisindikiza." Ndivyo tulivyofanya. Tukiswali alfajiri tunatoka, mimi mbele na kikapu, yeye nyuma anahema, tukifika kwenye mikorosho anasimama ashike mti. Nami nasimama kungojea, najidai natafuta kitu kikapuni.

Nyumbani nikabadilisha chungu. Kisamvu kwa karanga kidogo, samaki wa kuchoma, muhogo wa kuchemsha. Mume wangu akakitazama chakula akanitazama mimi, lakini akala. Baada ya miezi michache kanzu zikaanza kumpwaya.

Hapo ndipo majirani waliponitia wazimu. Ikaanza minong'ono, eti nimemtia njaa mume wa watu, eti nimemfanyia dawa. Mara ikaja sahani ya pilau imefunikwa kawa. Kesho yake maandazi. Keshokutwa kuku! Wanamletea mume wangu, ndani ya nyumba yangu, kama yatima! Na yeye, hana haya, jioni moja nikamkuta uani amejikunyata na paja la kuku la jirani yangu wa mlango wa pili. Nilipandwa na hasira. Nikamnyang'anya lile paja, nikalitia kwenye sahani yake, nikaipeleka mwenyewe kwa mwenye kuku. Wanawake walikuwa wamekaa barazani wanasukana.

"Chukua kuku wako," nikamwambia. "Mnasema nimemkondesha mume wangu. Naam, nimemkondesha! Na nitamkondesha mpaka aenee kaburini!"

"Auu!" wakashika midomo. Hata mimi nilisikia jinsi lilivyotoka vibaya. Nikakaa chini papo hapo nikawaeleza yote, kaburi la baba mkwe, wazee walivyomzuia, na yule mama anayengoja. Nilieleza huku nalia na kamasi linanitoka, sikujali. Kisha yule jirani wa kuku akasema taratibu, "Mume wangu mimi hata viatu namfungia mimi. Na mama yake yuko Msimbati, mzee kabisa."

Asubuhi iliyofuata mumewe alikuwa mlangoni kwetu, anaona aibu, amevaa kaptula ya kazi. Wiki ile wakawa watatu, kisha wakawa kundi, makarani na mwenye duka mmoja, kila mmoja ana mzazi mahali. Sisi wake zao tuliwafuata nyuma na vikapu, tukawatania: "Kazeni mwendo, mama anangoja!" Jumapili tukafyeka pori pembezoni mwa mji, tukalima muhogo, wanaume na wanawake. Nikagundua na mimi nilikuwa sijainama vizuri miaka mingi.

Kila tulipokwenda Nanyamba kumsalimu, mama mkwe alikuwa na mtihani wake. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo lililochimbwa udongo wa kukandikia kuta. Anatandikiwa mkeka pembeni, anakaa, anamwambia mwanawe, "Haya, shuka." Mara ya kwanza alishuka vizuri, kutoka ikabidi avutwe na wajukuu wawili wa jirani, suruali ikachanika, mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Bado." Safari iliyofuata alitoka mwenyewe lakini kwa magoti na matusi. "Bado. Utanibeba vipi na wewe unatambaa?" Mume wangu alikuwa akinung'unika njia nzima ya kurudi, na kesho yake alfajiri ndiye wa kwanza kuniamsha.

Msimu wa tatu wa korosho alishuka mle shimoni, akainua gunia la muhogo lililokuwa chini, akalilaza taratibu kando ya ukuta wa shimo kama mama alivyomwelekeza, kisha akaweka viganja ukingoni akajirusha juu. Mama akamtazama sana. "Haya," akasema. "Sasa nina ruhusa yangu."

"Mama, usiseme hivyo!" nikamkemea, nikasahau kuwa ni mkwe wangu.

"Nimesemaje kwani? Niletee maji ninywe."

Hakufa kwa haraka, alhamdulillahi. Tulikuwa naye mvua nzima na nyingine, anatuchagulia karanga, anamsimanga mwanawe. Mvua ya tatu homa ikamchukua kwa siku nne. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alikuwa mdogo, mwepesi, mikono yake bado ina alama za jembe. Nilimkafini nikilia. Wanaume wakalichukua jeneza wakaondoka, na mimi nikabaki uani na wanawake, yule jirani yangu wa kuku amenishika bega. Alikuwa ametoka Mtwara kwa ajili yangu. Mumewe naye alikuwa makaburini.

Nilisema moyoni, Ee Mola, wasimshike mkono. Kanzu yake nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi asubuhi ile ile, nyeupe, na nilikuwa nauchukia weupe wake.

Wakarudi. Nikatazama miguu kwanza, niliogopa kutazama juu. Kisha nikamwona. Udongo mwekundu magotini, kifuani, kwenye mikono mpaka viwikoni, hata kwenye ndevu. Alinyoosha mikono anionyeshe kama mtu anayeonyesha hana kitu.

"Nimemlaza mwenyewe," akasema. "Nikapanda mwenyewe."

Jirani yangu akasogea aichukue ile kanzu ailoweke mapema, maana udongo wa Nanyamba ukikauka hautoki.

"Usiiguse," nikamwambia, nikalia kwa sauti mbele ya watu wote.