Chupi ya Gari

Ninyi benye mulikaa kule nyuma, sogeeni, na weye mwenye ndagala mu mudomo, meza kwanza, juu hii habari itakukaba.

Minye na yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, tulikuwa na gari moja ya kubeba bantu mpaka Kamanyola. Ilikuwa muzee sana, hata mbuzi za Kiringye zilikuwa zinaipisha kwa heshima. Sasa, juu ya mupira wa mbele, kwa ndani, kunakuwaka plastiki moja nyeusi ya kuzuia matope isirukie mu moteri. Ile yetu ilipasuka. Ilikuwa inaning'inia, inasuguana na mupira, vrrr, kama muntu anakoroma mu kanisa.

Nikasema, "Yaya, tuibadilishe. Fundi mekanisie anasema nyuma yake kuko nyuzi za umeme."

Yaya akacheka. "Weye, ile ni chupi ya gari. Nani atainama kuangalia chupi ya gari?" Akaivuta na mukono, akaitupa mu mufereji.

Kwetu mukubwa akishasema, mudogo anameza. Nikameza. Mpaka leo haijashuka.

Mvua zikafika, na mama yetu akafia mu hospitali, kule Lemera. Yaya akasema, "Mama atashuka mu gari ya batoto wake, kwa heshima." Na munajua heshima yenyewe: gari yenye maiti inaenda polepole, haipigi honi, hakuna klakson. Klakson ni ya harusi. Ukipiga klakson na mama yako amelala nyuma, Uvira yote itasema ulikuwa unaomba afe.

Tukatoa viti vya nyuma, tukamulalisha mama na vitambaa vyake vya kanisani. Mama mudogo, mwenye kumufuata kwa kuzaliwa, akakaa hapo chini, akashika kichwa cha mama. Tukashuka mulima. Kufika mu plaine, kule chini kwa tambarare, matope ilikuwa mingi, ungeweza kupanda muhogo juu ya kapo, kile kifuniko cha moteri.

Karibu na Kiringye mupira ukaingia mu shimo. Matope ikaruka moja kwa moja kwenye nyuzi. Klakson ikaanza. Piiii, bila kupumua. Yaya akatoa mikono yote ku usukani. "Haiko minye," akasema. "Angalia, haiko minye."

Ile klakson ililia mpaka viboko vya ziwa vilitoka kuangalia. Bantu bakaacha mupunga mu mashamba, bakakimbia barabarani. Bamama banapiga vigelegele, banacheza mu matope. Mumoja akagonga kioo chetu: "Bibi harusi iko wapi? Mutuonyeshe basi."

Yaya alikuwa analia, anapiga usukani na ngumi. Na minye, pahali pa kumuhurumia, nikamuambia, "Sikia vile chupi inaimba." Tangu siku ile tunasalimiana tu, kama bantu benye kukutana ku mupaka.

Nikashuka na kisu. Nikapiga magoti mu matope, nikatafuta ule uzi wa klakson, nikaushika. Pale mama mudogo akatoa kichwa mu dirisha.

"Acha ilie," akasema. "Baba yenu alimutorosha huyu mama yenu, hata ngoma haikupigwa. Harusi yake njo hii."