Njia ya Nyamalele Niliyoiandika Bila Kuipita

Siku ya kwanza kazini sikugusa usukani. Nilifika yadi ya kampuni ya kununua pamba, Mabatini, Mwanza, kabla ya saa moja asubuhi, shati jeupe limenyooshwa, cheti cha kidato cha nne na leseni ya udereva nimevitia kwenye bahasha. Afisa Usafirishaji alivitazama, akanirudishia, akaniambia nipande gari upande wa abiria. Huyu alikuwa mzee aliyetumikia chama cha ushirika miaka mingi, kabla ununuzi wa pamba haujaachiwa kampuni binafsi. Tulivuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, yeye akiendesha, na tulipofika kwenye mbuga ya kwanza, bonde la udongo mweusi, alizima gari, akaniambia nivue viatu, akanipa fimbo iliyochongwa ncha.

"Tembea mbele yangu," alisema. "Ukizama, nitajua pa kutopita."

Nilidhani ananitania. Nilitembea mpaka jua likawa utosini, na suruali yangu ya siku ya kwanza haikutakata tena.

Kazi yenyewe tuliiita kutafuta njia. Miaka hiyo ya tisini kampuni zilikuwa zikishindana kumfikia mkulima, na barabara kubwa zilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo kila mwezi wa tano, kabla ya msimu wa kununua, nilipita na Landrova fupi kwenye vijia vya Sengerema na Geita, vya mikokoteni na vya ng'ombe, kuangalia lori letu la tani saba lingeweza kufika wapi. Kila kijia kilikuwa na fomu yake, na jibu lilikuwa moja kati ya matatu: inapitika, inapitika kiangazi, haipitiki. Malori yalitumwa kwa kufuata neno nililoandika. Hakuna aliyerudi kuhakiki.

Landrova zile hazikuwa za kubonyeza kitufe. Ukitaka magurudumu ya mbele yasaidie kuvuta, ulishuka, ukafunga habu, yaani vile vifuniko vya katikati ya gurudumu, kwa mkono, kulia na kushoto, ndipo ukaingiza gia ndogo ya nguvu. Kwenye mchanga tulipunguza upepo wa matairi ili yatandae. Kwenye udongo mweusi wa mbuga upepo haukusaidia kitu. Udongo ule hukauka juu ukawa ganda gumu, chini ukabaki uji. Hapo ilikuwa fimbo tu. Ikizama zaidi ya shubiri moja, Landrova inaweza kupita lakini lori haliwezi. Na juu ya yote Afisa Usafirishaji alisisitiza jambo moja ambalo halikuwa kwenye fomu: ukimkuta mtu karibu na njia, zima gari, shuka, msalimie, kaa naye kidogo, halafu ndipo uulize.

Misimu miwili nilifanya hivyo bila kuruka hatua. Msimu wa tatu nilikuwa nimeshajiona fundi.

Kijia cha Nyamalele kilikuwa cha mwisho siku hiyo, na nilitaka kuwahi kivuko cha jioni. Nilifika ukingoni mwa mbuga. Ng'ambo niliona mabati ya shule yaking'aa, ambako wakulima walikuwa wamepanga kukusanyia pamba yao. Mbele yangu kulikuwa na alama za matairi mapana, mawili mawili, alama za lori, zimeingia kwenye matete. Mama mmoja alikuwa akipalilia viazi pembeni. Nilimwamkia kupitia dirishani, akaitikia marahaba, akasubiri. Sikushuka. Nilijiambia kwamba kama lori la watu wengine limepita, letu litapita. Niliandika "inapitika" juu ya paja, nikageuza gari, na kivuko nikakiwahi.

Aliyetumwa Nyamalele ni Masalu, dereva wetu wa lori, mtu wa Magu, mcheshi kuliko wote yadini. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, na kila asubuhi alikuwa akiwauliza wenzake inakuwaje mtu wa kisiwani, aliyezaliwa amezungukwa na maji, ndiye anayewaonyesha njia za nchi kavu. Siku hiyo aliondoka akinipungia fomu yangu kama mtu anayepunga leso.

Lori lilizama katikati ya mbuga mpaka kwenye bodi. Katika kujinasua, shafti ilikatika. Ilichukua siku tatu na jozi nane za maksai kulitoa, na kampuni nyingine ikaingia kijijini kwa upande wa pili na kununua pamba yote.

Meneja wa Ununuzi alituita ofisini wote wawili. Alikuwa kijana aliyesomea biashara, hapendi maneno mengi. Barua ya kumwachisha kazi Masalu ilikuwa tayari mezani, imebaki sahihi. Masalu alieleza kwamba pale hapana njia. Meneja akanigeukia, fomu yangu mkononi.

"Wewe ulipita pale?"

Ningeweza kusema sikupita. Lilikuwa neno moja tu. Lakini niliona barua ile inaweza kubadilishwa jina.

"Nilipita, Meneja."

Akatia sahihi. Masalu aliipokea. Aliikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni, akaelekea mlangoni, na kutoka pale alipokaa hadi mlangoni alichukua muda mrefu sana.

Usiku sikuwa na raha, mchana nao sikuwa na raha. Siku ya nne niliomba ruhusa ya siku mbili, nikavuka Kamanga bila gari la kampuni, nikapata lifti ya baiskeli hadi Nyamalele. Nilivua viatu nikaingia kwenye mbuga na fimbo. Hatua ya ishirini fimbo ilizama hadi kiganjani. Pembeni mwa mashimo ya lori letu nilizifuata zile alama za zamani, kwa kuwa zilikuwa zimekauka vizuri kwenye matope, na nikaona zilipoishia. Lori lile la kwanza halikuvuka. Liliingia, likakwama, likavutwa kinyumenyume kwenye alama zake zilezile. Gari likirudi hivyo, alama zake huwezi kuzitofautisha na za gari lililokwenda, mpaka uzifuate hadi mwisho.

Yule mama alikuwa palepale kwenye viazi vyake. Safari hii nilikaa chini. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakuniambia.

"Ulinisalimia mbiombio ukiwa umekaa garini, mwanangu," alisema. "Nikajua huna shida na mtu."

Akaniitia mumewe, na mzee yule akanipeleka kwa miguu kwenye mgongo wa kilima, njia ya zamani ya mikokoteni, ndefu kwa saa nzima lakini ni changarawe mwanzo hadi mwisho. Niliitembea yote, nikahesabu mawe ya kuondoa, nikarudi Mwanza kesho yake nikiwa nimeazimia.

Nilimwekea Meneja fomu mpya mezani, nikamwambia ile ya zamani niliiandika bila kupita, na kwamba ofisini nilimdanganya. Aliniuliza kama najua maana yake. Nikasema najua. Afisa Usafirishaji, aliyekuwa amesimama dirishani, aliomba Masalu arudishwe kabla ya kuzungumzia adhabu yangu, na ikawa hivyo. Mimi nilinyang'anywa ufunguo wa Landrova msimu mzima, nikawa utingo, nikibeba marobota na kuchimbua matairi ya wengine. Niliomba kitu kimoja tu: niipeleke mwenyewe barua ya kumrudisha.

Nilimkuta Masalu kwao Magu, anaezeka banda la mbuzi.

"Umeipataje nyumba yangu, Mkerewe?" aliuliza akiwa juu. "Au na huku umeandika tu?"

Nikampa barua. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliteremka, akaisoma, akamwomba mkewe atuletee viazi na maziwa. Tulipokwisha kula ndipo akasema.

"Mle ofisini, nilipokuwa nakwenda mlangoni, nilitembea polepole makusudi. Nilikuwa nakupa nafasi."

Akanipa mkono, akasema yameisha, na siku ya pili tulipanda basi moja kurudi kazini.

Nilitafuta njia miaka mingine mingi baada ya hapo, hadi nilipostaafu. Sasa Kigongo, kwenye kivuko kingine cha ziwa lile, kuna daraja, na vijia vingi nilivyovipima kwa fimbo vimekuwa barabara za changarawe ambazo pikipiki hupita bila kupunguza mwendo. Nyinyi mnaoanza kazi hii mna simu zinazowaonyesha ramani, na sina ugomvi nazo. Ninachowaomba ni kwamba neno "inapitika" mliandike kwa miguu yenu. Atakayekuja nyuma yenu ataliendea na gari zima.

Masalu alinisamehe, hilo sina shaka nalo. Aliendelea kunitania kuhusu kisiwa changu, na kwenye harusi ya mwanangu alikuja na ndama. Lakini katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, kila alipofika penye mbuga ambayo fomu yangu ilisema inapitika, alizima lori, akavua viatu, akashuka kuitembea mwenyewe.