Nilimponza Namkunda kwa Kumsifu

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Jambo hili nimekaa nalo tangu enzi za vijiji vya ujamaa mpaka nimestaafu, na leo nawaeleza ninyi wasomaji kwa sababu wale niliopaswa kuwaeleza hawataki tena kulisikia.

Nilikuwa nesi huku Same. Vituo vipya vya afya vilikuwa vinafunguliwa vijijini, na wa kuvisimamia walitakiwa watoke kwetu sisi tuliokaa kazini siku nyingi. Kwa hiyo kila mwezi tulikutana mjini, wengine wakishuka kutoka Vudee, wengine wakitoka Kisiwani, tukafundishana uongozi. Mwalimu hatukuwa naye. Tulijifunza kwa makosa yetu wenyewe.

Utaratibu ulikuwa hivi. Ukiingia unavua kofia yako ya unesi, unaitia kwenye kikapu mlangoni, mkubwa na mdogo sawa. Halafu mmoja anasimulia kosa alilofanya kazini, wengine mnasikiliza bila kumkatiza, kisha mnatafuta pamoja namna ya kulizuia. Ukichukua kofia yako kuondoka, maneno unayaacha humo ndani. Jamani, sijapata kuona shule nzuri kama ile.

Siku moja ilikuwa zamu ya Namkunda. Huyu alikuwa mdogo wangu kwa umri, akiniita dada, akisimamia zahanati ya kijijini, na kila mtu alijua kituo kipya cha kule mlimani kitakuwa chake. Akatusimulia huku akilia kwamba alimchoma mtoto sindano ya malaria ambayo nesi wa asubuhi alikwisha kumchoma. Mtoto alizidiwa, akanusurika. Namkunda akasema tangu siku ile kila anayemchoma anamfunga kipande cha bendeji mkononi, ili anayepokea zamu aone. Tulimkumbatia. Wiki ile ile sote tukaanza kufunga bendeji.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Akaja daktari mmoja mkubwa kukagua hospitali yetu, akaona watoto wodini wana bendeji mikononi, akapendezwa. Akaniuliza, "Hili wazo la nani, sista?"

Nikajibu upesi, kwa majivuno kama vile ni mwanangu aliyefaulu mtihani. "La Namkunda, daktari. Huyo ndiye kiongozi wetu wa kesho."

"Alilipataje?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilitaka aone jinsi tulivyo wakweli sisi kwa sisi, nikamweleza yote. Nilikuwa na kofia kichwani. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika, akaaga vizuri tu.

Namkunda aliitwa kujieleza. Wazazi wa yule mtoto wakapata habari, kijiji kizima kikapata habari. Akavuliwa usimamizi wa zahanati yake hata kabla hajakigusa kile kituo kipya. Nilikimbia ofisi ya afya ya wilaya kumtetea, nikaambiwa, "Ndugu, si wewe mwenyewe uliyesema?"

Na kituo wakanipa mimi. Nilikipokea, wasomaji. Nilijidanganya kwamba nikikataa atapewa mtu mbaya zaidi.

Mikutano yetu haikufa, na heri ingekufa. Walikuja, wakatia kofia kikapuni, wakakaa. Nikiuliza nani ana la kusimulia, wananitazama kwa adabu. "Kwetu salama, dada." Mwezi unaofuata, "Kwetu salama." Niliomba radhi mbele yao wote. Wakasema yamekwisha, tena kwa upole. Sikuwa na la kufanya zaidi, maana mtu ukimlazimisha akuamini atakutamkia tu unachotaka.

Kisha likaja lile la Anjela, binti niliyekuwa namlea kazini pale kituoni. Alimzalisha mama mmoja asubuhi, salama kabisa. Jioni yule mama akaanza kutoka damu nyingi. Nilipombana Anjela, akasema aliona asubuhi ile ile kwamba kondo la nyuma lilitoka pungufu, kipande kimebaki tumboni, lakini aliogopa kusema. Na mchana wote ule lori la kijiji lilikuwa mlangoni kwetu linapakia kahawa. Jioni lilikwisha kuteremka Same. Tulimbeba mama yule kwa machela kuelekea hospitali, akatufia njiani mikononi mwetu.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza Anjela. "Mimi nipo hapa hapa, mwanangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe, mama?"

Baada ya mazishi nilipanda Vudee, ambako Namkunda alikuwa amerudi kulima. Alinikaribisha vizuri, akanipakulia makande, akakaa karibu yangu. Kila nilipotaka kuomba radhi alinieleza habari za maharage yake, jinsi mvua ilivyoyaharibu. Nikaanza tena, akasema, "Kula dada, yatapoa." Nilikula huku machozi yananitoka, naye akijifanya hayaoni.

Wakati wa kuagana ndipo akaniuliza neno moja la kazi.

"Wale wenzetu, bado wanafunga bendeji?"

"Wanafunga."

"Basi vizuri," akasema, akageukia shamba lake.

Ninyi mnaosimamia wenzenu, kazi yoyote ile, nawasihi. Mtu akikufunulia kosa lake ili wengine wapone, usilitoe nje, hata kwa kumsifu, hata kwa nia njema. Nia yangu mimi ilikuwa njema, na watoto wa yule mama walikua bila mama.