Moto Unaomtafuta Ndugu Yake

Nilipokuwa mtoto kwetu Ikinga, wilayani Ileje, mambo haya yote niliyaona kwa macho yangu mawili. Atakayekwambia vingine hakuwepo, au alikuwepo lakini ana macho ya kuku jioni.

Juu ya kijiji kulikuwa na msitu wenye chemchemi tuliyokunywa sote. Kila Juni, nyasi zikiwa hazijakauka sawasawa, watu walichoma ukanda kuuzunguka, ili moto mkali wa Oktoba ukija usikute chakula. Moto wa Juni hutambaa kama mtoto, lakini kila familia ilikuwa na kipande chake cha kusimamia kwa matawi mabichi. Na siku hiyo mafiga yote kijijini yalizimwa. Sisi ni watu wa kanisa, lakini hata mzee wa kanisa alikula kiporo. Moto ukibaki ndani ya nyumba, walisema, ule wa mlimani utashuka kumtafuta ndugu yake.

Mkaguzi alikuwa bibi yangu. Alipita nyumba kwa nyumba akizamisha mkono kwenye majivu ya kila jiko, mpaka kiwiko kikawa cheupe. Mwaka ule alifika kwetu, akazamisha, akamtazama baba, mwanawe wa kumzaa.

"Baba Ambakisye, pamepoa?"

"Pamepoa, mama."

"Haya. Na wewe Ambakisye, mume wangu," akanigeukia mimi, "usimwache baba yako achelewe."

Baba hakusema uongo; jikoni palikuwa pamepoa. Makaa yalikuwa kwenye kigae chini ya kitanda. Mama alikuwa amejifungua siku mbili nyuma, mtoto hajapata joto, na Juni ya Ileje haina huruma. Sasa, moto wa kuficha ni kama mbuzi wa wizi, huwezi kumwacha peke yake. Baba akanipa tawi.

"Tangulia kwenye kipande chetu. Nakuja."

Nilikuwa na miaka tisa, hodari kuliko wote wa rika langu, hilo halina ubishi. Jirani aliponiona peke yangu akapaza sauti: "Leo limekuja jeshi zima! Kwani aliyejifungua ni baba yako?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Babu, mume wa bibi, aliyesimamia kipande kilichopakana na chetu, hakucheka.

Upepo uligeuka mara moja tu. Moto ukainuka, ukaja pale pale penye tawi moja. Nikapiga. Nikapiga tena. Kisha babu alikuwa mbele yangu, akanisukuma nyuma palipokwisha kuungua, halafu sikumwona tena kwa moshi. Watu walipouzima ulikuwa umeshuka mpaka kwetu na kula nusu ya kahawa yetu, hatua chache kutoka ukuta wa nyumba.

Babu alikuwa ameungua vibaya, walimbeba kwa machela ya miti. Nilitembea kando yake. Sikulia. Nilikuwa natazama kiraka kwenye suruali ya mtu wa mbele, na mpaka leo naweza kukuonyesha uzi ulipokuwa umefumuka.

Alifariki siku ya tatu. Bibi aliingia kwetu, akainama chini ya kitanda, akatoa kile kigae, akakimwagia maji. Baba hakula mpaka nilipomwambia maneno ya babu kwenye machela: "Mwambie mwanangu, si kosa lake." Ndipo akashika tonge.

Yule mtoto alipona. Sasa ni mama mtu mzima, ana wanawe.

Niliishia darasa la tano, lakini jambo hili nimelisoma sana. Moto hauna ndugu. Ila nyumba isiyo na moto haina mtu wa kukaa ndani. Baridi inawatoa wote, wanapanda mlimani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mkono wa bibi. Najua hivyo, na bado najua kwamba moto ulishuka, ukapita nyumba za watu, ukaja kwetu. Yote mawili yamekaa ndani yangu, wala hayagombani, wala hayaumi.

Baba yuko kwangu hapa Chapwa, mzee sasa. Kila mgeni humsimulia maneno yale ya babu, hata sauti anaiiga.

Mengine yote niliyaona. Maneno yale niliyatunga mimi. Babu kwenye machela aliuliza tu, mara mbili, kama mwanawe amefika.